Ncha Kumi na Mbili za Mama Furaha

Niliondoka nyumbani kwetu Ajia asubuhi moja, umande ungali kwenye majani ya muhogo, bila kujua ninakwenda wapi. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la tano. Sikuiacha kwa ujinga. Niliiacha kwa sababu mwalimu alikataa kunifungulia saa yake nione kinachoizungusha. Nilikuwa na mfuko mmoja wa kitambaa, ndani yake gauni moja, kisu na mihogo mitatu ya kuchemsha. Nilifuata njia mpaka ikawa barabara, nikafuata barabara mpaka Arua mjini, na mjini nikasimama mbele ya veranda moja karibu na soko kwa sababu niliona jambo nisilolielewa: mama mmoja mnene alikuwa akipaka uji kwenye vipande vya kitenge.

Ninyi mnaokaa kwenye veranda ile sasa mmeniomba niandike kazi ilivyokuwa. Nitaandika kama nilivyoshona, kipande kwa kipande. Lakini mjue mapema kwamba siandiki kwa ajili ya sifa. Kuna nusu ya blanketi niliyokaa nayo miaka mingi bila kumfikishia mwenyewe, na mimi ndiye niliyewafundisha ninyi kosa lililomo ndani yake.

Yule mama nilimuuliza, "Mama, nguo inakula uji?"

"Inakula," alisema bila kuinua macho. "Iko kama mutu. Ikikosa kula, inalegea."

"Uji gani?"

"Ya muhogo. Wewe unajua kushona?"

"Hapana."

"Unajua nini?"

"Kuuliza."

"Hiyo kazi ni ya bure. Kamata pasi."

Huyo ndiye Mama Furaha. Alikuwa ametoka upande wa Kongo na mumewe mfanyabiashara. Mume alifariki, yeye akabaki Arua na binti yake Furaha na cherehani mbili za kukanyaga. Alikuwa akikusanya mabaki kwa mafundi wa magauni ya gomesi na ya vitenge, anayafanya mablanketi ya vipande. Watu wa Arua walimcheka mwanzoni kwamba anauza viraka. Walipoona nyota zake za pembetatu zilizoungwa, ncha zote zimekutana kama zimechorwa kwa kalamu, waliacha kucheka wakaanza kuagiza.

Ukutani mwa veranda kulikuwa na misumari mitano. Kila mshonaji alikuwa na wake wa kutundikia mfuko. Mama Furaha alinionyesha wa mwisho. Nikamwambia mfuko wangu uko sawa hapo chini, karibu na mlango.

"Mutu wa kuweka mfuko mlangoni," alisema, "roho yake iko barabarani."

Msumari ule ulibaki mtupu muda wote nilipokuwa kwake.

Mwezi wa kwanza sikugusa sindano. Nilipiga pasi tu, ile ya mkaa, na nilidhani ninaadhibiwa. Kumbe nusu ya kazi yetu iko kwenye pasi. Mishono ya safu ya kwanza ya vipande unailaza yote kulia. Ya safu ya pili unailaza yote kushoto. Ukiziweka safu mbili uso kwa uso, uvimbe wa mshono mmoja unaegemea uvimbe wa mwingine, kama watu wawili wanaogawana benchi jembamba. Huhitaji macho. Unasukuma kwa kidole gumba mpaka usikie zimekaa. Anayelaza mishono yote upande mmoja anapata kigongo kila kona, na sindano ikifika kwenye kigongo inaruka. Nimewaona baadhi yenu mkilaza upande mmoja mnapochoka. Nilikaa kimya siku hizo kwa sababu nami nilikuwa nimechoka.

Baadaye nilipewa mkasi, na hapo nikaharibu. Mama mmoja wa upande wa Dadamu aliagiza blanketi kwa ajili ya mjukuu aliyekuwa njiani. Alileta kitenge chake, cha ndege waliopangwa mistari. Nilikata pembetatu arobaini na nane nikifuata mistari ya wale ndege, nikajisifu moyoni jinsi walivyosimama wima. Zilipopita kwenye pasi zikavutika kama unga uliokandwa. Nilipoziunga, hakuna ncha iliyopata mwenzake.

Mama Furaha hakupiga kelele. Alichukua kipande kimoja, akachomoa uzi mmoja ukingoni, akauvuta taratibu. Ukatoka kwa mshazari, ukikatiza shingo za ndege wawili.

"Unaona? Ndege iko sawa, nyuzi iko pembeni. Mwenye kufuma kitambaa alikuja mbele. Mwenye rangi alikuja nyuma, na alikuwa na haraka. Wewe unafuata nani?"

"Wa mbele."

"Sasa kwa nini ulifuata ndege?"

"Walikuwa wazuri, Mama."

"Eh. Ndiyo hivyo wanawake wanaolewaga."

Tangu siku hiyo, kabla ya kukata kitenge chochote, ninakichana kwanza. Kitambaa kikichanika, kinachanika kwenye uzi wake, na hakiwezi kukudanganya. Maua yakilala upande, yalale. Pembetatu zile arobaini na nane tulizikata upya kwa kufuata nyuzi, zikawa ndogo, na blanketi likawa dogo. Mama wa Dadamu alipolalamika, Mama Furaha alimwambia, "Mutoto anazaliwa mdogo. Hatasema kitu."

Nilijifunza mengine kwa makofi ya mdomo. Ncha ya pembetatu usiishone mpaka ukingoni. Iachie robo inchi ya kupumua juu yake, la sivyo mshono unaofuata utaimeza. Ncha iliyomezwa Mama Furaha aliiita pua iliyokatwa. Alikuwa akipita nyuma yetu akihesabu kwa sauti, "Pua moja, pua mbili. Hii nyumba iko na ugonjwa gani?" Na pini: ya kwanza unaichoma moja kwa moja katika ncha zote mbili, isimame kama nguzo, kisha pini nyingine huku na huku, halafu nguzo unaitoa kabla ya sindano kufika. Ukiisahau, utanunua sindano.

Na la mwisho, ambalo mnalipenda kwa sababu linafanana na uchawi: refu chini. Vipande viwili vikipishana kidogo kwa urefu, kirefu kiwe chini, kwenye meno ya cherehani, yale yanayosukuma kitambaa. Meno yanakula ziada polepole, na juu hakuna anayejua. Lakini yanakula kidogo tu. Hayali kila kitu.

Veranda ile ilikuwa na desturi moja ambayo sikuikuta mahali pengine. Mshonaji akizeeka, anajishonea blanketi ambalo haliuzwi. Atafunikwa nalo siku watu watakapokuja kumlilia. Nusu ya kushoto anaishona mwenyewe. Nusu ya kulia inashonwa na mwanafunzi wake mmoja anayemchagua. Mshono wa katikati unaunganishwa mwisho, na hapo ndipo kila mtu anaona kama mafundisho yaliingia.

Mama Furaha alikata pembetatu za nusu zote mbili kwa mkono wake, akazipaka uji, akazikausha juani, akazifunga mafungu mawili. Moja akaliweka chini ya kitanda chake. La pili alinipa mimi, mbele ya wenzangu waliokuwa wamekaa pale kabla yangu.

"Mama, mbona mimi?" nilimuuliza.

"Wengine wanajua kushona," alisema. "Wewe unajua kwa nini."

Mngeweza kudhani baada ya maneno kama hayo ningetundika mfuko. Wiki chache baadaye nilikuwa nimesimama barabarani asubuhi, nikaona msururu wa malori ukielekea kaskazini, yamefunikwa maturubai, na nikataka sana kujua yanabeba nini. Dereva mmoja akasema panda uone. Nikarudi verandani, nikachukua mfuko wangu mlangoni, na fungu la pembetatu lilikuwa ndani yake. Mama Furaha alikuwa amekwenda kutafuta mabaki. Sikumwachia neno. Malori, kwa taarifa yenu, yalikuwa yamebeba saruji.

Nilishukia Oraba, mpakani, ng'ambo ya mji wa Kaya ulio nchi jirani. Pale hakuna anayetaka nyota. Kulikuwa na malori, mawakala wa forodha, wabadilishaji wa fedha na vumbi, na maturubai yaliyochanika. Nikapata kazi ya kushona maturubai kwenye kibanda chenye cherehani nzito. Nilijifunza kwamba mshono wa turubai lazima uelekee mbali na mvua, kama vigae, na kwamba dereva ambaye saruji yake imelowa hana Kiswahili cha adabu. Nilipenda pale. Kila siku niliuliza watu wanatoka wapi, nao walinieleza.

Mvua zilipokuwa nyingi na malori yakikwama, nilifungua fungu la Mama Furaha na kushona. Misimu mitatu ya mvua. Nilipiga pasi kulia na kushoto, nilisimamisha pini. Robo inchi niliipima kama tulivyofanya Arua: ukingo wa kitambaa usimame sambamba na ukingo wa mguu wa cherehani, kile kichuma kinachobana kitambaa. Nilimaliza nusu yangu, ncha kumi na mbili ukingoni, hakuna pua hata moja iliyokatwa. Niliikunja nikasema nitampelekea wiki ijayo.

Wiki ile ilichukua miaka. Kwanza niliona aibu kwenda bila kujua la kusema. Kisha nikaona aibu ya kukawia, ambayo ni kubwa kuliko ile ya kwanza, na inaongezeka kila ukiiacha. Nilikwenda hapa na pale, nikashona sare za shule, nikashona mapazia, nikaishi mahali pengi ambapo mfuko wangu ulikaa karibu na mlango. Niliporudi Arua hatimaye na kupita mbele ya veranda, niliambiwa Mama Furaha amehamia Koboko kwa binti yake. Alikuwa ameacha ujumbe kwa wanawake waliobaki.

"Alisema ukirudi," waliniambia, "meza yake ya kukatia iko yako."

Hivyo ndivyo nilivyoipata meza ile. Wengi wenu mlinikuta pale mkadhani nilipewa kwa ustadi. Koboko si mbali na Arua. Gari linakwenda na kurudi siku hiyohiyo. Nilikaa kwenye meza ya mwanamke yule, nikawafundisha maneno yake kana kwamba ni yangu, na sikupanda gari hilo. Nilikuwa nimepita Koboko mara nyingi juu ya saruji za watu. Sikuwahi kushuka.

Mwaka huu mkono wangu wa kulia ulianza kutetemeka. Siku ambayo pini ilinichoma mara nne kwenye ncha moja niliweka mkasi mezani nikawaambia imetosha. Mliniimbia, mkanipa sufuria. Ahsanteni kwa sufuria. Siku ya tatu baada ya hapo Furaha alinipigia simu. Sijui alipata wapi namba.

"Mama amekuwa mdogo sana," alisema. "Haulizi chakula. Anauliza nusu yake."

Asubuhi iliyofuata niliweka ile nusu mfukoni, na wembe, na pini, nikatoka. Sikuwa na mpango wa nitakachosema, wala wa nitakapolala.

Nyumba ya Furaha iko nyuma ya soko la Koboko. Alinipokea nje, akanishika mkono, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kule zahanati wamemwambia asihesabu miezi. Kisha akaniingiza. Kitanda kilikuwa kimesogezwa karibu na dirisha. Yule mama mnene niliyemjua alikuwa ametoshea upande mmoja wa kitanda, kama nguo iliyokunjwa.

"Nani?"

"Mimi, Mama. Ayikoru."

"Ayikoru gani? Ile ya kuuliza?"

"Ndiyo, Mama."

"Umechelewa."

"Najua."

"Hapana jua. Ungejua, ungepanda gari."

Nilipiga magoti pale kando ya kitanda nikamwomba msamaha. Alinisikiliza kidogo, akanikatiza. "Maneno iko mengi. Toa kitambaa."

Furaha alivuta nusu ya kushoto kutoka chini ya godoro. Ilikuwa imekunjwa ndani ya shuka jeupe, haijafifia hata rangi moja. Tulitandaza nusu zote mbili juu ya miguu yake, ukingo kwa ukingo, ncha zake zikitazamana na zangu. Ya kwanza ilikutana na mwenzake. Nilifurahi. Ya pili ilipishana kwa upana wa punje moja au mbili za ulezi. Ya tatu zaidi. Tuliendelea kushuka, na tulipofika ya kumi na mbili nusu yangu ilikuwa fupi kwa vidole viwili.

Mama Furaha alipitisha kucha kwenye mishono yangu, mgongoni.

"Ulishonea wapi?"

"Oraba."

"Mashine gani?"

"Ya maturubai."

"Ulipima mguu yake?"

Sikuwa nimeupima. Hapa ndipo kosa lenyewe, na hapa ndipo ninapowaomba radhi. Arua cherehani zake zote mbili zilikuwa za aina moja, na mguu wake ulikuwa robo inchi kamili, hivyo sote tuliamini kwamba mguu wa cherehani ndiyo robo inchi. Ule wa Oraba ulizidi kwa punje ya ulezi. Punje moja kila upande wa kila kipande, safu baada ya safu. Nami nimewafundisha ninyi nyote kupima kwa mguu, na tangu niondoke mmeleta cherehani mpya. Fanyeni hivi leo: kateni vipande vitatu vya upana wa inchi moja na nusu, viungeni, pigeni pasi, kisha pimeni cha katikati. Kikiwa inchi moja kamili, mguu wenu ni mkweli. Kikipungua, bandikeni karatasi kwenye bati la cherehani mahali robo inchi inapoishia kweli, na mfuate karatasi.

"Tuweke refu chini?" niliuliza.

"Vidole viwili? Meno ya mashine iko na njaa, lakini siyo hivyo. Itakuwa mawimbi. Unataka watu wanione chini ya maji?"

Alifumba macho. Kisha akasema, "Bana ya kwangu. Pita ndani ya kila mshono, punje moja, punje moja. Hapana fumua. Kesho imekwisha."

Alisema kweli. Ilikuwa kazi ya siku moja na nusu, hata kwa mkono wangu. Nusu yake ingefupika ikalingana na yangu, na Furaha, aliyesimama mlangoni, alinitazama kama mtu anayeomba nikubali. Nilichukua nusu ya kushoto nikaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Ncha kumi na mbili, kila moja na nafasi yake ya kupumua. Kubana mishono ile kungezimeza zote. Kosa lilikuwa langu, na pua zitakazokatwa zingekuwa zake.

"Hapana, Mama," nilisema. "Nitafumua yangu."

"Yote?"

"Yote. Kitambaa kipo ndani ya mshono. Nilikila mimi, nitakirudisha."

"Siku ngapi?"

"Sijui. Mkono wangu unatetemeka."

Alinyoosha wake juu ya blanketi nikauona. Ulikuwa ukitetemeka kuliko wangu.

"Haya," alisema. "Tushindane." Kisha, kwa sauti ile ya verandani, "Furaha! Huyu mutu hana pa kulala. Toa godoro ya watoto, weka hapa. Na uji wa muhogo upike mwingi. Mwepesi, hapana ya kula."

Furaha alileta godoro akaliweka sakafuni, kati ya kitanda na dirisha. Watoto wake wangelala kwa jirani. Nilikaa juu yake, nikafungua wembe, nikaanza na mshono wa mwisho, ule nilioushona Oraba mvua ya tatu ikipiga bati. Uzi ulikuwa mzuri, haukutaka kuachia. Mama Furaha alikuwa amegeuza uso, ananitazama mikono.

"Polepole," alisema. "Kata uzi, siyo kitambaa."

Nilipofika mwisho wa mshono wa kwanza niliinuka kunyoosha mgongo, na mfuko wangu ulikuwa pale pale nilipouacha, mlangoni, karibu na viatu. Nilimuuliza Furaha kama kuna msumari.